Ghala la Maombi Yaliyokataliwa

Dakta Yoeli Mtambalike hakuwa na ofisi. Hakuwa na ufunguo, wala kibao cha jina mlangoni, wala namba ya mtumishi, wala kikombe katika chumba cha chai cha wahadhiri. Hakuwa na bima. Hakuwa na koti la pili. Hakuwa na mtu wa kumwandikia barua ya kumsifu, kwa kuwa wote waliowahi kumsifu walikuwa wamestaafu au wamejifunza kunyamaza. Hakuwa na mke, tangu mkewe alipochoka kuulizwa na majirani mumewe anafanya kazi gani hasa. Na hakuwa na mtaa aliozaliwa. Lakini hilo tuliache kwanza, maana katika nchi ya Shwari jambo hilo lina utaratibu wake wa kusemwa, nao ni kwamba halisemwi.

Alichokuwa nacho ni shahada ya uzamivu. Aliipata akiwa na miaka hamsini na mbili, baada ya kuanzia shule ya jioni alipokuwa karani wa stoo ya reli. Alichunguza Maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya, hasa namna orodha zilivyotengenezwa: nani alipiga mistari, nani aliagiza wino, nani alihakiki tahajia ya majina ya watu ambao wiki iliyofuata wasingekuwepo. Yeye aliyekaa stoo miaka ishirini alijua kwamba hakuna mzigo unaosafirishwa bila karatasi. Watu milioni sita, aliandika, hawakuuawa na chuki peke yake. Chuki ilihitaji makarani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mzee wa Shwari alihangaika na mambo ya mbali hivyo. Jibu ni la kisheria. Shwari ni nchi ya amani, na ili amani isichakae, sheria yake inamruhusu msomi kuchunguza mauaji yoyote mradi yametokea umbali usiopungua maili elfu tatu na kuwe na bahari nzima katikati. Mauaji ya karibu zaidi ya hapo hayakuwahi kutokea. Ukiichukua kalenda ya Shwari utaona kwamba baada ya mwaka wa kumi na nane wa uhuru ulifuata mwaka wa ishirini. Wageni hudhani ni kosa la mpiga chapa. Si kosa. Mpiga chapa aliyekosea ni yule aliyeuchapa mwaka wa kumi na tisa. Alipewa likizo, na mpaka leo anaifurahia.

*

Mfuko wa kuwasaidia watafiti ulianzia kwenye leso.

Mheshimiwa Gwabara, Waziri wa Elimu na Usahaulifu Mwema, alialikwa ng'ambo kwenye siku ya kuwakumbuka waliouawa. Akaoneshwa rundo la viatu vya watoto. Hapo, mbele ya kamera, alilia kwa dakika nne, na walioshuhudia wanasema alilia vizuri. Kabla leso haijakauka alikuwa ameahidi kwamba Shwari nayo itawasaidia watafiti wa Maangamizi hayo, hasa wale wanyonge wasio na ajira ya kudumu. Wafadhili wa huko wakapiga makofi na kuahidi kuchangia.

Aliporudi alihutubia katika uwanja wa ndege.

"Ndugu wananchi! Nimelia! Nimelia kwa niaba yenu, ninyi msio na nauli ya kwenda kulia! Nimejionea anachoweza binadamu kumfanyia binadamu mwenzake, na nikamshukuru Mungu kwamba sisi ni watu wa aina nyingine. Mtafiti asiye na ajira ya kudumu ni yatima wa elimu. Kuanzia leo, yatima huyo ana baba!"

Vikundi vya ngoma vilipiga. Mfuko ukapewa jengo la ghorofa tisa. Watumishi wake wote arobaini waliajiriwa kwa ajira ya kudumu, ili wapate utulivu wa kuwahurumia wasiokuwa nayo.

Yoeli aliposoma tangazo gazetini alilikata kwa wembe na kuliweka ndani ya Biblia. Si fedha iliyomshtua, ingawa fedha aliihitaji. Ilikuwa mstari wa mwisho: mtafiti atakayekubaliwa atapewa pia Kibali cha Kuandika.

Hapa lazima nieleze. Katika Shwari, mtu asiye na ajira ya chuo haruhusiwi kuandika ushuhuda wa mtu mwingine. Ushuhuda ulioandikwa bila kibali huitwa uvumi mkavu. Kila mwaka Kikosi cha Usafi wa Kumbukumbu hupita nyumba kwa nyumba, vijana wenye adabu, wanavua viatu mlangoni, wanapekua makabati, na uvumi mkavu wanauchoma uani kwa mwenye nyumba. Kisha mwenye nyumba hupewa likizo.

Na Yoeli alikuwa na ushuhuda wa kuandika. Ulikuwa unakaa nyuma ya karakana ya reli, una miaka tisini na mitano, na ulikuwa unashona kofia.

*

Bibi Rifka aliletwa Shwari akiwa na miaka kumi na mitatu, ndani ya meli ya wakimbizi, enzi nchi hiyo ilipokuwa bado inatawaliwa na wageni. Wenzake wa kambini walirudi walikotoka au wakaenda kwingine. Yeye aliolewa na Magesa, fundi wa vichwa vya treni, akamzika, na akabaki. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana. Alijua matusi ambayo Yoeli alikuwa hajayasikia tangu aache stoo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja na kibali?"

"Bado."

"Basi kaa usikie. Masikio hayana kibali."

Baba yake alikuwa mshona kofia katika mji mdogo wa Ulaya ya mashariki, na kila Ijumaa, kabla jua halijazama, Rifka alikuwa akipeleka kofia nyumba kwa nyumba katika mtaa wao. Siku wenye bunduki walipokuja, alikuwa ametumwa kijiji cha pili na kofia ya bwana harusi. Aliporudi alikuta milango yote ya mtaa iko wazi.

"Milango ishirini na mitatu," alisema. "Ijumaa ilikuwa lazima ugonge. Siku ile hakuna wa kugongewa."

Majina ya watu wa mtaa huo hayakuwa katika orodha yoyote. Yoeli alikuwa na hakika, kwa sababu orodha ndizo alizozisoma maisha yake yote. Makarani wa mji ule walikuwa na haraka. Waliandika idadi tu. Majina yalibaki kichwani mwa Bibi Rifka peke yake, tena kwa namna moja tu: hakuweza kuyataja ila kwa kupita mlango kwa mlango, kuanzia wa kwanza. Alifumba macho, akainua mkono, akagonga hewani.

"Ngo ngo ngo. Mlango wa kwanza. Leiza mwoka mikate, mkewe Fruma, mapacha Hinda na Henya. Fruma anajaribu kofia ya mumewe, anacheka. Ngo ngo ngo. Mlango wa pili. Mwalimu Mordke, ana kikohozi, hana mtu. Ngo ngo ngo. Mlango wa tatu. Mjane Zelda. Jihadhari na bata wake. Mlango wa nne..."

Mlango wa sita alikaa Berl fundi saa, ambaye saa yake mwenyewe ilikuwa haitembei. Ukimkatiza Bibi Rifka, hata kwa chafya, ilibidi arudi kwa Leiza mwoka mikate na kuanza upya. Siku hiyo ya kwanza alifika mpaka wa ishirini na tatu, nyumba ya mkunga, akashusha mkono kama mtu aliyetua mzigo.

Yoeli alirudi nyumbani akijaribu kuyashika. Alipofika kwake alikuwa na milango sita.

*

Kwenye dirisha la Mfuko alikaa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, Bi Tabu Lwinga, na mbele yake mhuri mwekundu mkubwa kama kikombe.

"Shikamoo, mzee. Lete fomu." Akautazama ukurasa wa kwanza. "Kisanduku cha saba kitupu."

"Kinauliza cheo changu cha kudumu. Sina."

"Sasa si ungeandika huna?"

"Nilidhani kukiacha kitupu kunaeleza hilo."

"Mzee wangu, kutokuwa nacho ni jibu. Kuacha wazi ni dharau." Mhuri ukashuka: LIMEKATALIWA.

"Lakini mama, ukurasa wa pili hujaufunua. Nimeeleza kila kitu."

"Sifunui. Kanuni ya nne: ombi lililokataliwa ukurasa wa kwanza lisisomwe zaidi, mtumishi asije akaingiwa na huruma." Alizitenga nakala tatu kwenye bahasha tatu, akachovya nta ya lakiri, akabana. "Moja inashuka ghalani, chini kabisa. Kuta za zege, moto haufiki, maji hayafiki. Moja inakwenda ghala la pili, mjini Kitongo. Moja kwa wafadhili ng'ambo, nao wana ghala lao. Hazifunguliwi wala hazichomwi, milele. Kikosi cha Usafi chenyewe hakiruhusiwi kushuka kule."

"Na yaliyokubaliwa?"

"Hayo hukaa miaka mitatu, kisha tunafungia maandazi." Akacheka kidogo. "Wafadhili wanataka ushahidi kwamba tunachuja, mzee. Waliokubaliwa si ushahidi. Chukua fomu mpya. Na safari hii ulete barua ya chuo kuthibitisha kwamba hawajakuajiri."

Alipomsimulia Bibi Rifka, bibi huyo alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafumba macho akagonga. Alifika mlango wa ishirini na mbili, akasimama.

"Wa mwisho haufunguki leo," alisema.

"Ni kwa mkunga, Bibi."

"Najua ni kwa mkunga! Jina lake ndilo silioni."

Hakuliona tena.

*

Chuoni, Mwandikishaji Bwana Kaswaga alimpokea kwa heshima zote isipokuwa kiti.

"Unataka tuthibitishe kwamba wewe si mtumishi wetu."

"Ndiyo, mkuu."

"Tatizo, Dakta, ni kwamba sisi tunathibitisha mambo ya watumishi wetu tu. Wewe si mtumishi. Tutathibitishaje lolote juu yako?"

"Kwamba si mtumishi."

"Hilo lingethibitishwa kwa mtumishi." Bwana Kaswaga alifikiri kwa dhati; alikuwa mtu mwema. Baada ya miezi miwili ya kufikiri alianzisha Daftari la Wasioajiriwa, akamwingiza Yoeli mstari wa kwanza, akampa na namba: 00001. Wafanyakazi wa ofisi walimpongeza. Yoeli alikuwa hajawahi kuwa wa kwanza popote.

Bi Tabu aliitazama barua, akavua miwani.

"Mzee, una namba."

"Ni namba ya wasioajiriwa."

"Namba ni namba. Nikiiingiza hapa, inaonesha wewe ni mtumishi wa chuo. Tena wa kudumu, maana halina tarehe ya mwisho hilo daftari lako."

"Sasa nifanyeje?"

"Wakufukuze."

Wakamfukuza. Lakini kumfukuza mtu kutoka kwenye kutoajiriwa kulihitaji kamati ya nidhamu, na kamati ya nidhamu ilihitaji kosa. Wajumbe walimwomba apendekeze lolote. Alipendekeza utoro. Wakakubali, kwa kuwa kweli hakuwahi kuonekana kazini. Mwenyekiti alitoa nasaha ndefu juu ya vijana wanaochezea nafasi walizopewa, Yoeli akainamisha kichwa chenye mvi, na barua ikaandikwa. Yote hayo yalichukua mwezi wa nne hadi wa tisa.

Katika miezi hiyo mlango wa ishirini na mbili ulifungwa, na baadaye wa ishirini na moja. Yoeli naye alikuwa anajifunza kwa kasi aliyoiweza: alikwenda kila siku ya pili, akafumba macho pembeni ya kitanda cha bibi, wakawa wanapita mtaa pamoja, yeye hatua moja nyuma. Alifika wa kumi na nne. Bibi alikuwa akitokea mwisho wa mtaa, yeye akitokea mwanzo, na alitumaini tu watakutana.

*

Kwa barua hiyo ya kufukuzwa, na neno 'sina' katika kisanduku cha saba, fomu ilipanda ghorofani kwenye jopo la usaili la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Profesa Sangija, bingwa wa nyasi za malisho, aliyekuwa na ajira ya kudumu tangu ana miaka ishirini na sita.

"Dakta Mtambalike. Swali la kwanza, na ndilo kubwa. Utafiti wako unaihusu Shwari kwa namna yoyote?"

"Hapana, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Wote watatu walishusha pumzi. Mmoja aliandika: vizuri sana.

"Unasema hapa kwamba orodha za kifo ziliandaliwa na makarani. Makarani gani?"

"Wa kawaida. Wenye watoto, wenye kikombe ofisini."

"Wenye ajira ya kudumu?"

"Wengi wao, ndiyo."

Profesa Sangija alikohoa. "Hapo tungependa uandike makarani wa muda."

"Lakini hawakuwa wa muda."

"Ni pendekezo tu, Dakta. Pendekezo la lazima. Tuendelee. Huyu bibi yako. Anataja majina ya watu ambao hawapo kwenye kumbukumbu yoyote. Ana mashahidi wawili wa mtaa huohuo?"

Yoeli alidhani hajasikia vizuri. "Waliuawa, Mheshimiwa."

"Wote?"

"Wote."

"Sasa nani anathibitisha kwamba waliuawa?"

"Yeye."

"Ambaye hakuwepo. Unasema alikwenda kupeleka kofia."

"Angekuwepo, Mheshimiwa, leo asingekuwepo."

Wajumbe walitazamana kwa masikitiko ya kitaalamu. "Uone sasa ugumu wetu," alisema Profesa Sangija kwa upole. "Aliyekuwepo hayupo, na aliyepo hakuwepo. Mfuko hauwezi kujengwa juu ya hali hiyo. Sisi si watu wakatili, hatukatai. Tunaahirisha. Majirani wawili wakipatikana, na vitambulisho vyao, walete hapa hata kesho."

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Ilisema ombi lake limesimama likisubiri majirani.

Bibi Rifka aliomba asomewe mara mbili. Safari hii hakucheka.

"Waambie wawaite wenyewe," alisema. "Watu wa aina hiyo wanajua kuita watu kwa orodha."

*

Bibi Rifka alikuwa haketi tena. Walikwenda mtaani akiwa amelala, mkono wake ukigonga shuka. Mchana ule, jua likiingia dirishani na nyundo zikilia karakanani, walipita pamoja milango kumi na tisa, na kwa mara ya kwanza Yoeli hakukosea hata mtoto mmoja. Kwenye wa ishirini mkono wa bibi ulibaki juu. Yoeli alisubiri. Ukashuka bila kugonga.

"Basi," alisema. "Kumi na tisa unayo?"

"Ninayo."

"Zelda na bata wake?"

"Na bata wake."

Bibi alimgeukia juu ya mto.

"Mwaka na nusu unausikiliza mtaa wangu. Wako hujawahi kunitajia."

"Mimi sina mtaa, Bibi."

"Usinifanye mimi mtu wa wizara, Yoeli. Ulikuwa unapeleka nini?"

Yoeli alitazama mlango. Aliinuka akaufunga, akafunga na dirisha, akarudi kuketi. Ilipotoka, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtoto wa miaka tisa.

"Maandazi. Ya mama. Kila asubuhi kabla ya shule."

"Nyumba ngapi?"

"Thelathini na moja. Mtaa wa Mivinjeni."

Mivinjeni ya leo, kwa msomaji asiyeijua, ni Bustani ya Amani; ina bembea na sanamu ya njiwa. Mwaka ule ambao haukuwepo, Yoeli alipelekwa na mama yake hospitali ya misheni kwa ajili ya surua. Walikaa siku kumi na mbili. Waliporudi walikuta malori ya pamba yameshawabeba wenyeji, na watu wa manispaa wanapanda maua. Mama yake alimshika mkono, wakapita moja kwa moja kama watu wasioujua mtaa ule, na tangu siku hiyo hawakuutaja hata chumbani. Kwenye fomu zote za maisha yake, palipoulizwa mahali alipozaliwa, Yoeli aliandika: hospitali.

"Gonga," alisema Bibi Rifka.

"Bibi..."

"Nimesema gonga. Mimi sina kibali, nawe huna. Nani atatushtaki?"

Mkono wa Yoeli ulipanda wenyewe.

"Ngo ngo ngo. Mlango wa kwanza. Baba Nuhu seremala, mama Nuhu, Nuhu, Tausi, na mtoto mchanga, alikuwa hajapewa jina. Maandazi sita. Ngo ngo ngo. Mlango wa pili..."

Alidhani ameyasahau majina yao. Hakuwa ameyasahau. Yalikuwa yamekaa pale miaka hamsini na minane yakisubiri mtu agonge. Alipofika mlango wa thelathini na moja bibi alikuwa macho, anamtazama.

"Watu wangu na watu wako," alisema, "wote wanasubiri kisanduku cha saba."

Alifariki siku ya tatu. Yoeli alimzika kando ya Magesa, na kwa kuwa hakuna katika Shwari aliyejua sala za kwao, alisimama juu ya kaburi akapita milango kumi na tisa kwa sauti. Mchimba kaburi alidhani ni ukoo.

*

Jumatatu saa tatu asubuhi Yoeli alivaa koti lake, akaenda kwenye jengo la Mfuko, akachukua fomu mpya kwenye meza ya ukumbini. Meza hiyo ina kalamu zilizofungwa kwa uzi na karatasi za kaboni za bure. Hapo ndipo mahali pekee katika Shwari ambapo mtu yeyote anaweza kuandika chochote bila kibali, kwa sababu kuomba hakuhitaji kibali. Alikuwa ameipita meza hiyo mara saba bila kuiona.

Aliandika hadi saa nane mchana. Askari wa mlangoni alimletea kiti kingine, kwa huruma, chenye mto.

Ukurasa wa pili una kipengele kinachosema: *Orodhesha watakaonufaika na utafiti huu. Endelea kwenye karatasi za ziada ikibidi.* Ilibidi. Aliandika Leiza, Fruma, Hinda na Henya. Aliandika kikohozi cha Mwalimu Mordke. Aliandika milango kumi na tisa yote, na chini yake: *Mlango wa ishirini, wa ishirini na moja, wa ishirini na mbili: walikuwepo watu. Mlango wa ishirini na tatu: mkunga. Aliwapokea watoto wote waliotajwa hapo juu. Jina lake lilipotea wakati tunasubiri.* Kisha akapiga mstari kwa rula, kama karani, akaandika: *Mivinjeni, mwaka wa kumi na tisa wa uhuru.* Akaendelea mpaka wa thelathini na moja, na idadi ya maandazi ya kila nyumba.

Palipoulizwa kama utafiti unaihusu Shwari, aliandika: *Ndiyo.*

Ukurasa wa kwanza aliujaza mwisho, kwa hati yake nzuri ya shule ya jioni. Kisanduku cha tatu, mahali alipozaliwa: *Mivinjeni.* Kisanduku cha saba alikiacha wazi.

Bi Tabu alimwona akatikisa kichwa. "Mzee wangu. Kisanduku cha saba tena? Baada ya yote hayo?"

"Nimekiacha."

"Ngoja." Alitazama kushoto na kulia, akavua kifuniko cha kalamu yake mwenyewe. "Nakuandikia hapa 'hana'. Sekunde moja. Umehangaika mno, na mimi nina baba."

Neno hilo moja, na fomu ingepanda ghorofani kusomwa, na kabla ya magharibi Yoeli angekuwa likizo, na karatasi zote uani kwake zikiwaka. Aliweka kiganja juu ya kisanduku.

"Usiandike, mama."

"Nakusaidia!"

"Najua. Nakuomba usinisaidie. Niache na dharau yangu."

Bi Tabu alimtazama, kisha akautazama unene wa zile karatasi, kisha ukurasa wa kwanza. Macho yake yalipita kisanduku cha kwanza, cha pili, yakafika cha tatu, yakakaa hapo. Nyuma yake mtu alikuwa anacheka kwenye simu. Alirudisha kifuniko cha kalamu taratibu.

"Kurasa nyingi," alisema.

"Watakaonufaika ni wengi."

"Kanuni ya nne," alisema Bi Tabu, kwa sauti ya kusikika na wenzake wote, "ombi lililokataliwa lisisomwe." Akainua mhuri kwa mikono miwili, akaushusha juu ya kisanduku cha tatu hasa, mpaka neno lililokuwa pale likazama ndani ya wekundu. Akafanya hivyo mara tatu, nakala kwa nakala.

Akazitia bahasha tatu. Lakiri ilidondoka, ya moto, akabana kila moja na kuihesabia kumi kabla hajainua mkono, jambo ambalo kanuni haikulitaka. Moja aliitumbukiza kwenye bomba la ghalani, ikasikika ikishuka mbali. Moja akaitupa kwenye mfuko wa Kitongo. Ya tatu akaiweka kwenye gunia la wafadhili, akalifunga mdomo, na tarishi akalibeba begani kulipeleka kwenye gari lililokuwa linanguruma nje.

"Samahani, mzee," alisema Bi Tabu. "Umekataliwa."

"Ahsante sana, mama. Naomba risiti."

Akamwandikia. Yoeli aliisoma pale pale, amesimama, gari likiondoka: *Limepokelewa. Limekataliwa. Litunzwe daima.*